Nitajuaje, au Itakuwaje? Kumtumaini Mungu Tusipoijua Kesho



Leo nataka tuzungumze juu ya swali ambalo nimeulizwa na vijana kwa namna nyingi, lakini ukilimenya unakuta ni lilelile. Mmoja amemaliza chuo, vyeti anavyo, amezunguka na bahasha mjini mpaka soli ya kiatu imekwisha, anauliza kama Mungu anamwona. Mwingine yuko kwenye uchumba mwaka wa tatu na bado hajui kama huyu ndiye. Mwingine anasikia wito wa utawa, lakini nyumbani ndiye mtoto anayetegemewa. Na wapo wanaouliza kwa sauti ya chini, baada ya kuhakikisha hakuna anayesikia: "Frateri, hivi nitajuaje kwamba haya yote ni kweli?"

Mara nyingi tunajibiwa haraka: "Wewe mtumaini Mungu tu." Jibu ni zuri, ila linaacha swali nyuma yake. Kumtumaini maana yake nini pale ambapo sijui? Na je, ni haki kuyaweka maisha yangu yote juu ya jambo ambalo siwezi kulihakikisha kama ninavyohakikisha salio kwenye simu? Hilo ni swali la imani, na ni swali la maadili pia. Tulikabili pamoja.

Mwenye meli aliyemtumaini Mungu

Nilipokuwa nasoma falsafa, mwandishi aliyenisumbua zaidi hakuwa mtu wa kuitukana dini. Alikuwa mwanahisabati Mwingereza, William Clifford, aliyeandika mwaka 1877 insha kuhusu maadili ya kuamini. Anatoa mfano huu. Mtu ana meli kuukuu inayotarajia kubeba familia zinazohamia nchi ya mbali. Anajua imechakaa, anajua inahitaji matengenezo, na matengenezo ni gharama. Basi anaanza kujituliza: meli hii imeshapita dhoruba nyingi, itarudi tu, tena Mungu hawezi kuziacha familia zote hizi ziangamie. Mwisho anaamini kwa moyo wake wote kwamba meli ni salama. Inaondoka, inazama baharini. Clifford anasema yule mtu ana hatia ya vifo vile hata kama aliamini kweli, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo. Na hata kama meli ingefika salama, hatia yake ingebaki palepale.

Umeona? Yule mwenye meli alitumia lugha yetu kabisa. Alisema anamtumaini Mungu.

Na kuhusu ile meli, mimi nakubaliana na Clifford. Dereva anayening'iniza rozari kwenye kioo cha basi lisilo na breki hamtumaini Mungu. Anamtumia Mungu kuficha uzembe. Mzazi anayemwachisha mtoto dawa eti kwa sababu ya imani anafanya vilevile. Hata wahenga wetu walituonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kusema "Mungu atafanya" ili usifanye lililo wajibu wako si fadhila.

Ila Clifford haishii hapo. Kutoka kwenye meli anatoa kanuni kwa mambo yote: usiamini kitu mpaka ushahidi utosheleze. Hapo ndipo ninapoachana naye. Meli ni kitu. Unaipandisha nchi kavu, unagonga ubao kwa ubao, unapata jibu. Mtu je?

Chukua kijana anayempenda msichana lakini anataka uhakika kwanza. Anakagua simu yake. Anamtumia ujumbe kwa namba ngeni kumtega. Anamtuma rafiki akamjaribu. Tuseme msichana anashinda mitego yote. Je, kijana sasa anamwamini? Hapana. Anaiamini mitego yake. Siku akikosa nafasi ya kutega, wasiwasi unarudi palepale. Kuna mambo kuhusu mtu ambayo huwezi kuyajua ukisimama nje unapima. Unayajua ukiingia, ukakaa, ukajitoa. Ushahidi upo, lakini mwingi wake unakuja njiani.

Ndivyo ilivyo kwa Mungu. Mama Kanisa hajatuambia tufumbe macho. Katekisimu (na. 156) inataja alama zinazoonekana: miujiza ya Kristo na ya watakatifu, unabii, kuenea na utakatifu wa Kanisa. Alama hizo zinatosha kuonyesha kwamba kuamini si upofu. Hazitoshi kuondoa haja ya kuamini. Mt. Tomaso wa Akwino anaeleza kwamba anayeamini anakubali kwa uthabiti huku akili yake bado inawaza. Aliyekwisha kuona kwa macho hana cha kuwaza tena. Lakini anayeamini amekubali kwa sababu ya yule anayesema, na akili yake inaendelea kutafuta. Kwa hiyo, kijana mwenzangu, maswali yanayokupitia katikati ya Misa si lazima yawe dalili kwamba imani imekufa. Inawezekana ni akili yako inafanya kazi yake.

Imani, amana, Amina

Kiswahili chetu kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Imani, kuamini, mwaminifu, amana, amani, na hata Amina tunayoitikia kila siku, yote ni matawi ya mzizi mmoja wa zamani kutoka lugha za Mashariki ya Kati, wenye maana ya uthabiti na usalama.

Fikiria neno amana. Ni kitu unachomwachia mtu akutunzie. Ukisafiri ukamwachia jirani funguo za nyumba, huko safarini huoni anachofanya. Huna uhakika wa kuona. Ulichonacho ni kwamba unamjua mtu uliyemwachia. Mtume Paulo, akiwa kifungoni, anamwandikia Timotheo kwamba anamjua yule aliyemwamini na kwamba yeye ni mwenye uwezo wa kuilinda amana yake (taz. 2 Tim 1:12). Hasemi anajua hukumu yake itakuwaje. Hasemi anajua atatoka lini. Anamjua mtu.

Basi unapopokea Ekaristi ukaitikia "Amina", hutangazi kwamba umeelewa kila kitu. Unakabidhi funguo.

Maswali mawili kwa malaika mmoja

Katika sura ya kwanza ya Injili ya Luka, malaika Gabrieli anatumwa mara mbili, na mara zote mbili anaulizwa swali. Zakaria ni kuhani, mzee mwadilifu, yuko hekaluni kazini. Anaambiwa atapata mtoto, naye anauliza atalijuaje hilo, maana yeye na mkewe ni wazee. Maria ni binti wa Nazareti. Anaambiwa atachukua mimba, naye anauliza hilo litakuwaje, maana hamjui mume. Ukisikiliza juujuu, maswali yanafanana. Lakini mmoja anabaki bubu, mwingine anapewa maelezo. Jamani, kwa nini?

Tazama neno lenyewe. Zakaria anauliza "nitajuaje": anataka dhamana mkononi kabla hajakubali. Maria anauliza "itakuwaje": amekwisha kusimama upande wa ahadi, anauliza njia. Swali la kwanza linamweka Mungu kizimbani. Swali la pili linamshika mkono. Yote mawili ni maswali, na hilo linatufariji, kwa sababu Maria hakuambiwa anyamaze. Hata Zakaria hakufukuzwa. Mtoto wake alizaliwa kama alivyoahidiwa. Mungu ni mvumilivu kwa wanaotaka dhamana.

Halafu angalia Maria alipata nini baada ya kusema ndiyo. Hakuonyeshwa ramani. Haandikiwi kwamba Yosefu atafikiria kumwacha, kwamba atajifungulia mahali pa mifugo, kwamba watakimbilia Misri usiku, kwamba siku moja atasimama chini ya Msalaba. Luka anamaliza tu kwa kusema malaika akaondoka. Injili hazituambii kama alimrudia tena. Maisha yote ya Mama yetu yaliendelea baada ya malaika kuondoka.

Mimi mwenyewe niko kwenye malezi. Falsafa nimemaliza, mbele yangu kuna miaka ya teolojia. Sijui kama nitapewa daraja. Walezi wanaweza kuona njia yangu ni nyingine. Afya inaweza kubadilika. Mimi mwenyewe, kwa sala na ushauri, naweza kugundua kwamba Mungu ananiitia ndoa. Wakati huohuo nyumbani wameshaanza kuniita Padre, na mama ameshahesabu mbuzi wa sherehe! Nikiuliza kila asubuhi "nitajuaje", sitafungua kitabu. Nikiuliza "itakuwaje, na leo nifanye nini", jibu lipo: kengele imelia, kuna Masifu ya Asubuhi, kuna kipindi, kuna zamu ya kuosha vyombo.

"Nitakuwa nimetumaini nini?"

Lakini kuna mahali ambapo habari za kengele na vyombo hazitoshi. Katika mwaka wangu wa kichungaji parokiani nilifahamiana na kijana wa kwaya ambaye mama yake alikuwa mgonjwa wa figo, anasafishwa damu kwa mashine. Familia ilikuwa inasali, jumuiya ilikuwa inapokezana rozari nyumbani kwao. Siku moja baada ya mazoezi ya kwaya akaniuliza: "Frateri, nikisema namtumaini Mungu, halafu mama akafa, nitakuwa nimetumaini nini?"

Sikumpa hotuba. Tulikaa kwenye benchi nje ya kanisa, tukasali fungu moja la matendo ya uchungu, akaondoka kumpelekea mama yake uji hospitalini. Mama yule alifariki kabla ya Kwaresima. Swali la mwanawe limebaki nami, na naamini linastahili jibu, kwa ajili yake na kwa ajili yako kama uko mahali alipokuwa.

Jibu langu linaanzia Getsemani. Yesu aliomba waziwazi kikombe kiondolewe. Hakujifanya hodari. Waraka kwa Waebrania (5:7) unasema alimlilia kwa machozi yule aliyeweza kumwokoa na kifo, halafu unasema kwamba alisikilizwa. Nilipousoma mstari huo kwa makini mara ya kwanza nilisimama. Alisikilizwa? Lakini si kesho yake alikufa?

Ndiyo, alikufa. Na alisikilizwa. Maana yake, kusikilizwa na kuepushwa ni mambo mawili. Baba alimsikia Mwana, hakukiondoa kikombe, na hakumwacha kaburini. Tukichanganya mambo hayo mawili, kila jeneza litakuwa ushahidi dhidi ya Mungu. Tukiyatenganisha, tunaweza kulia na bado tukasali.

Mt. Tomaso anasema kitu cha kwanza tunachotumaini katika fadhila ya matumaini ni Mungu mwenyewe, yaani uzima wa milele pamoja naye. Mengine tunayoyaomba, afya, kazi, mchumba mwema, tunayaomba kwa kuyaelekeza huko. Kwa hiyo ningemwambia yule kijana hivi: ulipotumaini, hukuwa unabashiri kwamba mama atapona. Kupona uliomba, na ulifanya vizuri kuomba, tena kwa nguvu. Lakini uliyemtumaini ni Yeye asiyempoteza mtu mikononi mwake. Mama yako amefika kwake kabla yako.

Hilo halifuti machozi, na mtu asikudanganye kwamba linafuta. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro akijua anachokwenda kufanya.

Na niseme ukweli wote. Matumaini haya yanaweza kuvunjwa na jambo moja: kama Kristo hakufufuka. Mtume Paulo halifichi hilo. Anasema wazi katika 1 Kor 15 kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yetu ni bure na sisi ni wa kuhurumiwa kuliko watu wote. Ukristo hauna mguu wa akiba. Ndiyo maana unapojaribiwa na mashaka, usikimbilie kutafuta ishara ndogondogo, ndoto, namba, mstari uliofunguka wenyewe. Rudi kwenye ushuhuda mmoja mkubwa: wale waliojifungia ndani kwa woga walitoka wakasema amefufuka, na wakaishi na kuteswa kwa ajili ya neno hilo.

Wakristo walioachwa bila padre

Tukija huku kwetu, tunawakumbuka Mashahidi wa Uganda kila tarehe 3 Juni, na mara nyingi tunaanza na moto wa Namugongo. Mimi napenda kuanza miaka michache kabla.

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walifika Buganda mwaka 1879. Mwaka 1882 walibatizwa watu ambao leo ni watakatifu: Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa mwezi wa Aprili, Mathias Kalemba mwezi wa Mei. Kisha Novemba ya mwaka huohuo mapadre wakaondoka, kwa sababu hali ilikuwa ya hatari, wakahamia kusini ya Ziwa, Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo. Hawakurudi mpaka Julai 1885.

Hebu jiweke mahali pao. Una miezi michache tu ya ubatizo. Waliokubatiza wamepanda mitumbwi wamekwenda. Hakuna Misa. Hakuna kitubio. Hujui kama watarudi mwezi ujao, mwaka ujao, au kamwe. Kama kuna watu waliokuwa na sababu ya kuuliza "nitajuaje kama ilikuwa kweli", ni hao.

Waliendelea. Mukasa alikuwa mtumishi wa ikulu, akawa kiongozi wa vijana wa kule ndani katika imani. Kaggwa na Kalemba walifundisha wengine. Mapadre waliporudi, wakakuta jumuiya imekua mikononi mwa walei ambao wao wenyewe walikuwa bado wachanga katika imani. Na furaha ile haikudumu hata miezi mitano: tarehe 15 Novemba 1885 Mukasa aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Kaggwa na Kalemba wakafuata Mei 1886, na tarehe 3 Juni Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa Namugongo.

Nadhani ujasiri wa Namugongo haukuanzia Namugongo. Ulijengwa katika ile miaka karibu mitatu ya kutojua, ambayo hakuna aliyewapigia makofi. Walikutana bila padre na bila tarehe ya kumpata. Mtu aliyejifunza kumtumaini Mungu wakati hakuna kinachoonekana, siku ya moto anafanya tu alilozoea.

Giza la binti wa miaka 24

Hao hawakujua kitakachotokea nje yao. Kuna kutojua kwingine, kwa ndani, ambako ni kuchungu zaidi: unapiga magoti na huoni kitu, kama unaongea na ukuta.

Mt. Tereza wa Mtoto Yesu tunamwona kwenye picha na mawaridi yake, tunadhani alikuwa na maisha laini. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, tarehe 3 Aprili 1896, katika monasteri ya Lisieux huko Ufaransa, alitema damu. Ilikuwa kifua kikuu. Siku chache baadaye, ndani ya kipindi cha Pasaka, roho yake ikaingia gizani. Mbingu, ambayo tangu utotoni ilikuwa furaha yake, ikawa kama haipo. Wazo lilimjia kwamba baada ya kifo hakuna kitu. Hali hiyo ilidumu mpaka alipofariki tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24. Umri wa wengi wetu tunaosoma hapa.

Alifanya nini? Aliendelea na kazi za kila siku na upendo kwa masista wenzake. Aliinakili Kanuni ya Imani kwa damu yake na kuibeba kifuani. Alimweleza mama mkuu wake kwamba katika mwaka mmoja alikuwa amefanya matendo mengi ya imani kuliko maisha yake yote ya nyuma. Na zaidi ya hapo, alilikubali giza lile kwa ajili ya wasioamini, kama mtu anayekaa nao mezani na kula mkate wao mchungu ili awaombee kutoka hapohapo. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwalimu wa Kanisa.

Kwa hiyo ukikosa hisia katika sala, usikimbilie kusema Mungu ameondoka au wewe ni mnafiki. Hisia ni zawadi, imani ni uamuzi unaobebwa na neema. Na pengine giza lako lina kazi: kesho kutakuwa na rafiki asiyeweza kusali, na wewe ndiye utakayejua jinsi ya kukaa naye.

Kutumaini si kubahatisha

Shetani alipompandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, alimwambia ajitupe, na alitumia Maandiko kumshawishi. Hilo lingeonekana kama tendo kubwa la imani! Yesu alilikataa, akaliita kumjaribu Mungu (taz. Mt 4:5-7). Kumbe inawezekana kufanya jambo linalofanana na imani na kumbe ni kinyume chake.

Siku hizi kinara kile kina bei. Kuna wanaokuuzia uhakika: maji, chumvi, mafuta, utabiri wa jina la mume, mwezi wa kupata viza, mbaya wako ni nani ukoo wenu. Vijana wenzangu, simcheki anayekwenda huko. Anakwenda kwa sababu anaumia. Ila anayeuziwa uhakika wa kesho ananyang'anywa tumaini lenyewe, maana akishaambiwa kila kitu hana haja ya Mungu, ana haja ya mtabiri. Na mara nyingi anarudi nyumbani na chuki juu ya shangazi yake. Katekisimu (na. 2115) inatuelekeza kuikabidhi kesho kwa maongozi ya Mungu na kuachana na udadisi usiofaa, huku ikituambia kwamba kutochukua tahadhari nako ni kukosa wajibu. Yote mawili pamoja.

Basi tufanyeje?

Kwanza, *fanya lililo wazi leo*. Hujui utaajiriwa lini, lakini unajua leo hupaswi kusema uongo, unajua mama yako anahitaji simu yako, unajua kuna ombi la kazi hujalimalizia kuandika. Mambo yasiyojulikana ni ya kesho. Ya leo mengi yanajulikana.

Pili, *usibadili uamuzi mwema wakati wa giza*. Huu ni ushauri wa zamani wa Mt. Inyasi wa Loyola: unapokuwa katika ukavu wa roho, simama kwenye uamuzi uliouweka ulipokuwa na mwanga. Usivunje uchumba, usiache chuo, usiache kusali saa nane za usiku ukiwa na machungu. Subiri kuche, kisha ongea na mshauri wako wa kiroho.

Tatu, *weka kumbukumbu*. Samweli alisimamisha jiwe kukumbuka kwamba mpaka hapo Bwana amesaidia (taz. 1 Sam 7:12). Nunua daftari dogo, andika mara Mungu alipokufikisha mahali ambapo ulidhani hutafika. Siku ya giza akili husahau haraka, daftari halisahau.

Nne, *usitumaini peke yako*. Wale wa Buganda walikuwa wengi pamoja. Nenda jumuiya, nenda kitubio, pokea Ekaristi, omba kuombewa. Siku ambayo wewe huwezi kusema "Amina", simama karibu na anayeisema.

Tano, *geuza swali*. Ukijikuta unauliza "nitajuaje", usijilaumu. Livute taratibu kuelekea "itakuwaje, Bwana, na sehemu yangu ni ipi?"

Tusali kidogo kabla hatujaachana:

Ee Bwana, wewe unaijua kesho na mimi siijui. Sikuombi unionyeshe njia yote. Nipe mwanga wa hatua moja na moyo wa kuipiga. Walio gizani leo, wanaosali bila kuhisi kitu, wanaouguza na waliofiwa, uwashike hata pale wasipojua kama umewashika. Mama Maria, uliyeendelea kuamini baada ya malaika kuondoka, tuombee. Mashahidi wa Uganda, mtuombee. Amina.

Nakuombea, kijana mwenzangu. Nawe niombee, ili lolote litakaloamuliwa juu yangu, nimpende Mungu mahali hapo.